Maji ya Kaburini

Boazi alikuwa anawafyonza mbu ukutani kwangu kwa mdomo. Simkashifu, ndiyo kazi aliyoandikwa. Alikuwa na mrija wa kioo uliounganishwa na mpira mwembamba. Ncha moja anaisogeza kwa mbu aliyetulia ukutani, nyingine anaibana kwa midomo, halafu anavuta pumzi na mbu anaingia. Katikati ya mrija kulikuwa na kitambaa cha kumzuia mbu asimfikie ulimini, hilo alinieleza mara nyingi, lakini mimi nilichokiona ni mtu mzima anafyonza wadudu nyumbani kwangu wakati wateja wanakula. Akimaliza anapangusa midomo kwa kiganja na kuomba maharage. Nilimpa. Bakuli lake nililitenga peke yake, na kila alipoondoka nililisugua kwa majivu mpaka vidole vikaniuma.

Ilikuwa miaka ya vita vya Hitla, na Tunduma haikuwa mji. Ilikuwa geti la mpakani, kituo cha askari, maduka machache, nyumba zetu za udongo, na vumbi. Malori ya jeshi yalipita yakitoka Kenya kwenda Rodesia. Kabla ya kuvuka, kila lori lilifungwa vioo na maturubai, mtu akaingia na bomba la mkono na kupuliza dawa ya pareto, kisha akatoka anakohoa, macho mekundu. Serikali ya ng'ambo iliogopa homa ya manjano. Boazi alinisimulia habari za homa hiyo huku anakula: macho na ngozi hugeuka rangi ya bizari, halafu mgonjwa hutapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa. Nilimwambia amalize kula kwanza ndipo aongee. Hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa ameipata, na kazi ya Boazi ilikuwa kuwatafuta mbu wanaoibeba kabla ugonjwa wenyewe haujafika.

Mbu hao walikuwa wageni. Sisi tulikuwa na mbu wetu tuliowazoea, wa usiku, wanaoimba kwanza ndipo wanauma. Hawa walikuwa weusi, wenye mistari myeupe miguuni, watoto wakawaita mbu wenye soksi. Waliuma mchana kweupe, kimya kimya, kwenye kifundo cha mguu, mtu akiwa na tonge mkononi. Boazi alisema wamekuja na malori. Mayai yao yalikuwa yamegandia ndani ya matairi ya akiba na mapipa, na mayai hayo hukaa makavu miezi na miezi yakisubiri maji tu. Kitu kimekauka kama takataka, halafu ukikimwagia maji kinaamka na kuanza kucheza.

Nyumba yangu ilikuwa ya mwisho kabla ya geti. Danford, mume wangu, aliijenga kwa mikono yake kabla hajaenda Luanshya kuchimba shaba, na tangu alipoondoka niliishi humo peke yangu. Chumba cha mbele kilikuwa hoteli, cha nyuma nililala. Madereva walinijua kwa usafi. Ugali wangu haukuwa na mchanga, samaki wangu wa Rukwa niliwatoa utumbo uliosahauliwa na wavuvi, na ole wake mteja aliyetema mate sakafuni. Waliotoka upande wa Wabemba waliniita bamayo, yaani mama, na kunawa mikono bila kuambiwa. Usiniulize nina nini kingine duniani. Mtoto sikujaliwa. Nilikuwa na nyumba ile na jina lile la usafi.

Ndipo Boazi akaanza kuwapata mbu wenye soksi ndani ya nyumba yangu. Kwa jirani aliambulia mmoja mmoja, tena kwa shida. Kwangu aliwakuta wamejipanga nyuma ya pazia kama nguo kwenye kamba. Alipeleka habari Mbeya, na Bwana Afya akaja kwa gari, mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu. Alisimama mlangoni pangu bila kuvua kofia, akanusa.

"Nyumba hii iko na mbu mbaya," alisema kwa Kiswahili chake cha amri. "Lori inasimama hapa, mbu inaingia lori. Mimi narudi mwisho ya mwezi. Nikipata mbu tena, navunja nyumba."

Aliniambia mimi haya. Mimi ninayechemsha hata maji ya kuoshea miguu.

Nilisafisha kama mwendawazimu. Nilivunja vyungu vilivyopasuka, nikafukia makopo, nikalaza kinu, nikaziba kwa udongo kila mwanzi wa paa uliokuwa wazi juu. Kuku niliwanywesha kwa kiganja changu, halafu maji yaliyobaki nikayamwaga. Boazi alichunguza kila kitu nyumbani kwangu akakuta pakavu, na bado akafyonza mbu wenye soksi nyuma ya pazia langu. Akasema, "Wanazaliwa mahali karibu, dada Ferista. Mbu hawa hawasafiri mbali kwa mabawa yao." Akauliza tena kama sijaficha chombo. Nikamkazia macho mpaka akaondoka.

Habari zilienea, maana Tunduma haikukosa midomo. Madereva wakaanza kupitiliza na kwenda kula ng'ambo. Marita, dada yake Danford, alikuja makusudi kukaa kwenye benchi langu tupu.

"Pole, wifi," alisema huku anachungulia ndani ya sufuria. "Na ulivyokuwa unatusema sisi wachafu. Kumbe wanafugwa kwako."

Ningemjibu ningemmwagia kitu cha moto.

"Lakini usijali," aliendelea, "wakivunja utahamia nyumbani kwa baba. Nafasi ipo."

Alijua anachokisema, na alikisema kwa raha. Baba alikuwa Yonasi, baba mkwe wangu, mzee wa kanisa, mgane tangu masika yaliyopita. Na kwetu mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Simtazami usoni, sisemi naye, silitaji jina lake, sili anapokula yeye. Nikimsikia njiani naingia porini na kujifunika mpaka apite, na yeye akijua nipo anakohoa ili kunipa nafasi. Kanisa lilikuwa limetuvua mambo mengi, lakini hili hakuna aliyeligusa, na wazee wa kanisa ndio walioongoza kulishika. Kuhamia kwenye ua wa Yonasi, bila mume, bila mama mkwe wa kusimama katikati yetu, kungekuwa kuishi kama panya. Ningepita ukuta kwa ukuta maisha yangu yote, nikisikiliza kikohozi.

Mama mkwe wangu, Elina, alizikwa kwenye makaburi ya nyuma ya nyumba yangu, ng'ambo ya kijito kilichokauka. Zamani kwetu mwanamke akizikwa, mtungi wake wa maji uliwekwa juu ya kaburi na mtani akautoboa kitako, kwa kuwa kazi yake imekwisha. Yonasi ndiye aliyesimama kanisani na kusema kutoboa mitungi ni ushenzi, Mkristo haharibu chombo kizuri juu ya maiti. Watu wakaitikia amina. Tangu hapo mitungi ikawekwa mizima, imesimama wima, midomo wazi. Nilipita pale mara nyingi nikaona yanapendeza, makaburi yetu, kuliko zamani yalipojaa vigae.

Siku moja alasiri nilikwenda kukata nyasi za kuezekea karibu na makaburi hayo. Nikiwa nimeinama nikasikia kikohozi. Mkamwana anakijua kikohozi cha mkwe wake kuliko anavyoijua sauti ya mumewe. Lakini hiki hakikuwa cha kunionya. Alidhani yuko peke yake, alikuwa anakohoa tu kama wazee wanavyokohoa. Nilijitupa kwenye nyasi, nikajifunika kanga usoni, nikasubiri miguu ipite. Miguu haikupita. Ilisimama kwenye kaburi la Elina.

Mbu akaniuma kifundoni. Niligeuka kumpiga, kanga ikateleza, nikaona.

Yonasi alikuwa amepiga magoti. Alikuja na kibuyu cha maji, akayamimina ndani ya mtungi juu ya kaburi mpaka ukajaa. Halafu akachukua kata, akachota katika mtungi uleule, akanywa. Alikunywa taratibu, kwa mikupuo midogo, kama mtu aliyekaribishwa. Aliposhusha kata alitoa ulimi, akaokota kitu juu yake kwa vidole, akakitazama, akakipangusa kwenye suruali. Kisha akachota tena na kumwaga kwenye udongo, upande wa kichwa. "Kunywa na wewe, mama," alisema. "Kunywa ushibe."

Nimechinja kuku, nimepasua samaki waliooza tumboni, nimemwosha maiti. Sijawahi kuona kinyaa kama cha siku ile. Ulimi wa baba mkwe wangu, umetoka wote, mweupe wa uzee, na kitu kinachojinyonganyonga juu yake. Nilibana pumzi mpaka alipoondoka, halafu nikaenda kuchungulia.

Maji yalikuwa yanacheza. Viluwiluwi vilijaa humo, vinajikunja na kujikunjua, vinapanda kuvuta hewa na kushuka, na juu yake kulikuwa na utando unaong'aa kama mafuta ya taa. Kwenye ukuta wa ndani wa mtungi walitulia mbu wenye soksi, wametoka kuzaliwa, wanakausha mabawa. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea nyumbani kwangu. Nilitapika palepale pembeni ya kaburi la mama mkwe wangu, Mungu anisamehe, halafu nikausukuma mtungi kwa mguu yale maji yakamwagika.

Nilidhani nimemaliza. Jumapili iliyofuata nilipochungulia, mtungi ulikuwa umesimama tena, umejaa pomoni. Nikamwaga. Ukajazwa. Mayai yalikuwa yameshika ukutani mwa mtungi, na kila alipomimina maji aliyaamsha upya. Kumi la mwisho la mwezi lilikuwa limeingia ndipo Marita akaja tena kwenye benchi langu, safari hii bila kucheka.

"Kuna mtu anamwaga maji ya mama kaburini," alisema. "Baba amesimama kanisani akasema. Mzee mzima analia mbele za watu. Wanasema ni mchawi, anataka mama asitulie."

"Ni maji gani hayo ya kaburini?" niliuliza.

"Mama alikufa na kiu, wifi. Ulikuwa hujui?"

Sikujua. Wakati Elina anaumwa mimi sikuruhusiwa kuingia chumba alichokuwamo mkwe wangu. Nilipika uji, nikauacha mlangoni.

"Marita," nilisema, "maji yale yana wadudu. Mbu wanaotaka kunivunjia nyumba wanazaliwa mle. Mwambie baba yako. Wewe ni mwanawe, unaweza kumwambia."

"Umejuaje kama yana wadudu?"

"Nimepita."

"Umemwona baba akiyatia?"

Niliinama kuchochea moto, na kuinama huko kukanishtaki. Marita alijikunyata kama aliyeguswa na chura. "Umemchungulia baba," alisema polepole. "Umemtazama mkwe wako. Mimi siyasikii hayo, wifi. Mambo hayo hata ukiyafunika yananuka." Akainuka, akaondoka bila kuaga, na nikajua jioni ile kila jiko la Tunduma litakuwa na habari zangu.

Alibaki Boazi. Alikuwa Mndali wa milima ya Ileje, mgeni kwetu, na nilidhani mgeni hatafungwa na mambo yetu. Nilisubiri amalize kufyonza, nikamwekea maharage.

"Makaburini umeangalia?" nilimuuliza.

Alitafuna polepole. "Makaburini siingii, dada Ferista. Kwetu mgeni haendi kwenye makaburi ya watu bila kupelekwa na mwenye wafu wake. Nilimwomba mzee Yonasi anipeleke. Akasema wafu hawana mbu."

"Na wewe ukakubali."

"Ningefanyaje? Nalala kwake. Nakula kwake."

"Nenda ukaangalie mtungi wa mama Elina. Nimemwona mzee..."

Aliinua mkono haraka. "Usimalizie. Hata Ileje mkamwana hamwoni mkwe wake. Ukisema umemwona, na mimi nitakuwa nimesikia." Akasukuma bakuli, akaondoka. Mtu aliyeweza kula akiwa ametoka kufyonza wadudu ndiye aliyeshindwa na maneno yangu. Nilibaki natazama maharage yake yakipoa, nimejaa hasira. Nyumba yangu itavunjwa, kila mtu anajua au anaweza kujua kwa nini, na wote wanaona afadhali ivunjwe kuliko kukiri kwamba mwanamke ana macho.

Bwana Afya alirudi kama alivyosema. Boazi akaingia na mrija wake, akatoka nao umejaa, akauonyesha bila kunitazama. Bwana Afya akatikisa kichwa, na wanaume wa kazi wakapanda juu ya paa langu. Watu walikuwa wamejaa barabarani kana kwamba kuna mnada. Wazee wa kanisa walisimama upande mmoja chini ya bendera ya geti, na kwa miguu tu, kwa viatu vile vya ngozi vilivyopinda visigino, nilijua Yonasi yumo.

Nyasi za kwanza zilipoanguka mbele ya mlango wangu, nilizunguka nyuma ya nyumba, nikavuka kijito, nikafika kaburini. Sikuomba ruhusa ya aliyelala pale. Niliukumbatia mtungi, nikaupandisha kichwani umejaa vilevile. Maji yalichuruzika yakaniingia shingoni na kushuka mgongoni, ya uvuguvugu, na nilihisi vile vidudu vinatapatapa kati ya ngozi na nguo. Nilitembea hivyo nimekaza meno. Ningefungua mdomo ningelia, au yangeniingia.

Watu walinipisha. Niliutua mtungi mbele ya Bwana Afya, na Marita akaanza kusema jina la Yesu kwa sauti ndogo, mara baada ya mara.

"Mbu wako hawa hapa," nilisema. "Si wa kwangu."

Bwana Afya akainama, akachungulia, akasimama wima upesi. "Mtungi ya nani hii?"

"Wa marehemu mama mkwe wangu. Unakaa kaburini."

"Nani anatia maji?"

Ningeweza kumtazama mzungu nikasema sijui. Nyumba ilikuwa imetobolewa paa tayari, nikaona mbingu kupitia chumba changu cha kulala. Niligeuka, nikanyanyua uso, nikamtazama Yonasi machoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niolewe. Alikuwa na macho ya Danford, na hilo sikulitegemea.

"Ni yeye," nilisema. "Ni baba Yonasi."

Jina lake lilitoka mdomoni mwangu mbele ya watu wote, na nikasikia wanawake wakirudi nyuma.

Yonasi hakukohoa wala kugeuka. Alikuja mpaka kwenye mtungi, amekunja uso kama mtu aliyetukanwa, akachukua kata iliyokuwa ikielea. "Maji haya ni safi," alimwambia Bwana Afya. "Nayateka mwenyewe kisimani. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kumpa mke wangu maji machafu." Akachota, akanywa. Akachota tena. Koo lilikuwa linapanda na kushuka. Mmoja wa wanaume juu ya paa alijifunika mdomo kwa kiganja.

Boazi ndiye aliyemaliza. Alitoa sahani yake nyeupe ya kazi, akainamisha mtungi, akamimina kidogo. Katika weupe ule kila kitu kilionekana. Sahani nzima ilikuwa inajinyonganyonga. Yonasi aliitazama, na sisi tukamtazama yeye, kwa sababu kiluwiluwi kimoja kilikuwa kimeshika kwenye ndevu zake chini ya mdomo, kinajikunja na kujikunjua. Hakuna aliyesogea kukitoa. Bwana Afya aligeuka nyuma ya gari lake na tukamsikia anatapika.

Yonasi alipapasa ndevu, akakipata, akakiona kwenye kidole. Nadhani macho yake ya uzee yalikuwa hayajawahi kuona vizuri alichokuwa anakunywa. Kisha akanigeukia mimi. Si mwanawe Marita, wala wazee wenzake.

"Aliniomba maji mchana kutwa," alisema. "Niliambiwa akinywa atakufa. Nikamnyima, mama. Nikaficha na kata. Akafa hivyohivyo."

Mwili wangu wote ulikuwa unawasha kwa maji yale. Nilimchukia na nikamhurumia, vyote pamoja. "Hata mimi ningemletea maji kaburini, baba," nilisema. "Lakini si haya."

Wanaume walishuka kwenye paa. Bwana Afya alitoa amri kila mtungi wa makaburini utobolewe, na Boazi akaingia makaburini kwa mara ya kwanza, safari hii amepelekwa na mwenye wafu. Yonasi alimwonyesha mtungi mmoja baada ya mwingine. Wa Elina aliutoboa mwenyewe, kwa jiwe, kwa pigo lililolegea, ikabidi arudie. Mbu wenye soksi walipungua nyuma ya pazia langu, halafu Boazi akawa anakuja na kutoka na mrija mtupu, na mwishowe akahamishiwa kituo kingine. Nyumba yangu haikuvunjwa. Niliziba paa kwa zile nyasi nilizozikata siku ile.

Lakini ni mimi niliyemtazama mkwe wangu usoni, nikamtaja jina na kumwona akinywa. Marita hakukanyaga tena kwangu. Watu wa Tunduma walikula kwingine, wakaniachia madereva. Habari zilivuka geti pamoja na malori, zikafika Luanshya kabla sijapata wa kuniandikia, na jibu la Danford nililetewa kwa mdomo na dereva aliyekuwa anaona aibu kulisema. Danford alisema hawezi kupokea chakula kutoka mkono wa mwanamke aliyemtazama baba yake mdomoni. Nyumba akaniachia. Baadaye nilisikia ameoa hukohuko.

Yonasi naye alivuliwa uzee wa kanisa. Hawakumfukuza, walimsahau tu. Alipofika kwenye msiba waligundua viti havitoshi. Kikombe alichokinywea hakuna aliyekipokea baada yake, na Marita, mwanawe wa kumzaa, alianza kumpelekea chakula na kukiacha mlangoni.

Siku moja mchana alikuja hotelini kwangu. Sikusikia kikohozi, aliingia tu, akaketi kwenye benchi, mkongojo kati ya magoti. Hakukuwa na mteja mwingine. Nilisimama na mwiko mkononi, nikashindwa kukimbia, maana nilikuwa kwangu.

"Mama," alisema, "naomba maji."

Nilichukua kikombe, nikakisuuza kwa maji ya moto, nikakisuuza tena, nikajaza maji niliyochemsha na kuchuja kwa kitambaa. Aliyapokea kwa mikono miwili. Alikunywa kwa kelele, kama anavyokunywa siku zote, matone yakashuka kwenye ndevu zilezile, na ulimi ukatoka kuyalamba. Nilijilazimisha kuendelea kumtazama, kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kutomtazama, na hapakuwa na mtu mwingine ambaye angefanya hivyo.

Alinirudishia kikombe. Mdomo wa kikombe ulikuwa umelowa mate yake. Nilikishika palepale, nikakijaza tena.